Aliyelala Nyuma ya Magunia ya Chumvi

Mkoromo wa kwanza ulisikika mchana kweupe, dukani kumejaa watu, ukitokea ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli. Huseni alikuwa anampimia mama mmoja wa Kifipa chumvi. Alidhani Theodory, mwuzaji wake, ameiba nafasi akajilaza. Akageuka amgombeze, akamkuta Theodory yuko hapo hapo ubavuni mwake, kashika kopo la kupimia, mdomo wazi.

"Tajiri," Theodory alinong'ona, "nani yumo stoo?"

"Panya," akasema Huseni.

Yule mama akafunga chumvi yake kwenye pindo la kanga, akatoka bila kuaga. Panya wa Sumbawanga ni wakubwa, hilo halina ubishi, ila hajaonekana bado anayekoroma kama mwanamume aliyeshiba ugali wa ulezi. Huseni alilijua hilo vizuri tu. Tena alijua zaidi: aliutambua mkoromo wenyewe. Mwishoni ulikuwa na mluzi mwembamba, na mluzi ule aliusikia miaka mingi ukipenya ukuta wa chumba chake. Ulikuwa wa shemeji yake Lukmani, kaka wa mkewe, na Lukmani alikuwa amezikwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hata arubaini yake haijafika.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha karibuni. Huseni alikuwa na duka mjini Sumbawanga, na kule chini Kabwe alikuwa na mashua ya tanga iliyoitwa Salama, inayobeba dagaa, mawese na chumvi. Nahodha wake alikuwa huyo Lukmani. Kwa kipindi chote cha vita mashua ile haikuguswa na fundi, mpaka mbavu zikaoza na tanga likawa viraka vitupu. Ikabidi ipelekwe kutengenezwa. Swali likawa, wapi?

Pale barazani kwa Huseni kila mtu aligeuka bingwa wa vyombo, hata wasiowahi kuloweka mguu ziwani. Wengine walisema Kigoma: mafundi wa kuaminika, misumari ya shaba, na hospitali ipo. Lakini Kigoma vyombo vya wakubwa hutangulia, na cha mnyonge hukaa mchangani hadi kiote majani. Wengine walisema Mpulungu, Rodeshia, kwenye turubai nzuri ya tanga na vyuma vya kila aina, ila mbao ngumu kule ni taabu. Pakabaki kijiji kimoja ng'ambo, Kongo ya Mbelgiji, kwa fundi Adolfu. Msitu wa mbao ngumu ulianzia nyuma ya nyumba yake, na aliahidi Salama itaelea kabla ya mvua. Huseni alitaka kuwahi dagaa wa msimu ule kabla wenzake hawajawahi. Akachagua ng'ambo.

Kuna jambo moja hakulitia kwenye mizani, au tuseme alilitia halafu akaliondoa kwa kidole. Wavuvi wa Kabwe walimwambia faraghani kwamba kwa Adolfu kumeingia malale. Mbung'o wamejaa pale pale zinapokatwa mbao, na watu wanasinzia tonge mkononi. Huseni akawashukuru, akatia pamba masikioni. Hakumwambia Lukmani wala mkewe Kulsumu.

Sasa mabaharia wa Kabwe wana desturi yao. Chombo kikivutwa nchi kavu ugenini, hakilazwi kitupu. Nahodha hulala ndani yake mpaka kazi iishe. Na siku ya kukivuta, mwenye chombo huweka mkono juu ya omo, yaani pua ya chombo, akakiambia kwa sauti kwa nini amekileta pale na si kwingine, maana wanasema chombo kisichojua kwa nini kiko ugenini hukaribisha wasiojulikana. Huseni alivuka mwenyewe, akaweka mkono juu ya omo la Salama, akasema, "Nimekuleta hapa kwa sababu mbao ni nzuri na fundi ni mwepesi." Akaishia hapo. Lukmani akamtazama kidogo, kana kwamba anangoja kitu kingine, kisha akatandika mkeka wake ndani ya mashua.

Salama ilirudi kabla ya mvua, nzuri kama bibi harusi. Lukmani hakurudi. Waliokileta chombo walisema alianza kwa kusinzia mchana, mwisho hakuamka. Huseni aliporudi nyumbani kutoka Kabwe alimwambia mkewe ni homa ya ghafla, kazi ya Mungu. Mkeka na blanketi la marehemu hakumpa, maana aliona aibu kumtazama usoni akimkabidhi. Alivificha stoo, nyuma ya magunia ya chumvi.

Basi, baada ya siku ile ya kwanza mkoromo ukawa kila mchana. Ukianza jua likipanda, ukikoma jua likizama. Ikaongezeka harufu ya mawese na mbao mbichi zilizolowa. Kisha ukuta wa tofali ukaanza kulia, ule mlio wa mbao za chombo zikisuguana mawimbi yanapopita chini, na kule uwandani Ufipa huwezi kuliona ziwa hata ukipanda juu ya bati. Wateja wakahamia maduka mengine. Theodory akavaa rozari shingoni na akakataa katakata kuingia stoo.

"Mimi nitauza cha mbele," alisema kwa sauti ya chini. "Cha nyuma kakichukue mwenyewe, tajiri. Huyo anayelala humo hajakosana na mimi."

Huseni alitamani kucheka. Akachukua ufunguo wa stoo, akaenda mwenyewe.

Halafu ikamfika Ashura, binti yao wa pekee. Mchana mmoja alikuwa anakula, mama yake yupo karibu, akasinzia tonge mkononi. Kulsumu akamtikisa, akafumbua macho, akasinzia tena. Kesho yake hakufumbua mpaka magharibi. Daktari msaidizi wa serikali akampima, akasema damu haina ugonjwa, mtoto amechoka tu. Lakini usingizi ule ulizidi kuwa mzito kila siku, na kilichomtoa Huseni jasho, siku alipoinama kumsikiliza mwanawe kama bado anahema, ni kwamba pumzi ya mtoto na mkoromo wa stoo vilikuwa vinapanda pamoja na kushuka pamoja, na mkoromo ulipokawia kidogo kabla ya kuvuta tena, kifua cha mtoto nacho kilikawia, kikangoja, na baba mtu akangoja nacho huku ameuma kidole chake mwenyewe asipige kelele, akijua moyoni kwamba siku moja aliyelala stoo ataamua kutovuta tena.

Ndipo akatuma watu Kabwe wamlete Bi Shida.

Bi Shida alipanda na lori la dagaa, kaketi juu ya magunia. Alikuwa mganga na mchoma samaki, na hakuona haya kunukia kazi zote mbili.

"Shikamoo, bibi," Huseni na mkewe walimpokea.

"Marahaba. Nani amekufa bila kuagwa?"

Hakungoja jibu. Aliingia stoo, akasukuma magunia kwa goti, akautoa mkeka umeviringishwa. Ulikuwa unachuruzika maji. Kulsumu akauona, akautambua, na akamtazama mumewe kwa jicho ambalo Huseni alilikwepa.

Wakamlaza Ashura kando ya mkeka. Jua lilikuwa bado juu. Bi Shida akafukiza ubani, akasikiliza mkoromo, sikio karibu na mkeka.

"Huyu si marehemu," alisema polepole. "Ni jini wa ziwa. Aliingia chomboni siku ya kwanza, kukiwa na mwanya, akajifunza kulala kwa yule mtu mpaka akaumaliza usingizi wake. Sasa anajifunza kwa huyu. Bwana Huseni, ulikiambia nini chombo?"

"Nilikiambia ukweli."

Mkoromo ukapanda. Mtoto naye.

"Wote?"

"Mbao nzuri... fundi mwepesi."

"Ongea na mimi vizuri, baba. Mtoto anazama."

Na hapo mkoromo ukakatika. Ukakawia. Kifua cha Ashura kikatulia tuli, midomo ikaanza kubadilika rangi, na ukuta ukalia kama chombo kinachoelemewa, na Huseni, aliyekuwa amejiapiza kufa na siri ile, akaanguka magotini akaweka viganja juu ya mkeka uliolowa, akasema kwa kasi bila kumtazama mtu kwamba aliambiwa, wavuvi walimwambia, malale ipo, alijua, alijua alipoweka mkono juu ya omo na alijua alipogeuza mgongo kumwacha Lukmani akitandika, na alichagua pale kwa sababu ya dagaa wa msimu mmoja, na Kigoma palikuwepo, na Mpulungu palikuwepo.

Ashura akavuta pumzi. Mkeka ukawa mkavu upande mmoja, ule alioushika Huseni.

Upande wa pili uliendelea kuchuruzika. Mkoromo ukaanza tena, mdogo zaidi, karibu zaidi. Huseni akalia sasa waziwazi. "Nimesema yote, bibi! Wallahi sina lingine!"

"Yako yametoka," Bi Shida akanong'ona. Hakuwa anamtazama yeye. "Mwanya mwingine si wako."

Kulsumu alikuwa amesimama mlangoni, ushungi ameukamata mdomoni. Alikuja taratibu akapiga magoti upande ule uliolowa.

"Wake wa wavuvi waliniambia," alisema. "Nami nilijua, Baba Ashura. Kaka Lukmani pia alisikia. Alikuja jikoni usiku wa kuamkia safari, akaniuliza, dada, nikatae? Nikamwambia nenda. Nilikuwa nimechoka kusimangwa na ndugu zako kwamba namlisha kaka yangu kwenye nyumba ya mume." Akaweka viganja juu ya mkeka. "Akaniambia, sawa dada. Akafunga mkeka wake."

Mkeka ukakauka wote. Kwenye stoo kukapita kitu kizito, kama mtu mnene anayeinuka kutoka usingizini, mlango ukagonga ukuta, harufu ya mawese ikatoka nacho. Theodory, aliyekuwa barabarani, aliapa baadaye kwamba alipishana na upepo wenye unyevunyevu ukielekea njia ya ziwani. Ashura akafumbua macho, akasema ana njaa. Walimpa uji na akaunywa wote, na mama yake alilia mpaka akashindwa kushika kikombe.

Bi Shida aliondoka na mkeka ule na blanketi, avizike mwenyewe kando ya ziwa. Duka likarudi kuchangamka. Mtoto akanenepa.

Lakini jini yule hakuondoka mikono mitupu. Alichukua usingizi wa wenye nyumba. Tangu siku ile Huseni na Kulsumu hawakulala tena, si usiku wala mchana. Dawa za hospitali walikunywa na za miti walikunywa. Hawakuachana, maana mtu ataachana vipi na mwenzake pekee anayejua? Walijinyoosha chali kitanda kimoja, macho darini, mpaka mwadhini aamke, na usiku wote kilichosikika mle chumbani ni sauti ya Kulsumu, mara moja tu, kabla ya alfajiri.

"Baba Ashura. Unafikiri angekubali kama ningemwambia asiende?"

"Angekubali," Huseni alijibu, kila usiku, kwa sababu kudanganya alikwisha kushindwa.