Rejeta Iliyonyweshwa Ulanzi

Jumatatu asubuhi rejeta ya Danieli Kalinga ilikunywa madebe mawili ya maji, na chini ya gari hapakuwa na hata tone.

Ingevuja, nani angeshangaa? Ile pikapu ilipigana vita ya Hitla, ikarudi bila medali. Danieli aliipata mwaka hamsini na tano kwa ng'ombe saba, kutoka kwa mzungu wa tumbaku aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, na tangu siku hiyo Ilula nzima ilijua magonjwa yake kuliko ya wazazi wao. Springi zilikatika kila wiki. Gia ya pili iliruka yenyewe, ndiyo maana Danieli aliifunga kwa kamba ya katani akaibana na goti. Bodi ilikuwa na kutu na matundu mengi kiasi kwamba kuku akitaga mbele, yai linaangukia Dodoma. Petroli sasa, usiseme! Ng'ombe wote wa Usangu mwezi wa kiangazi hawanywi vile.

Lakini magurudumu yote manne yalikuwa yanavuta, bwana wee. Masika ikishameza malori ya watu mpaka honi, yenyewe inapanda huku inaimba. Danieli alitangaza kwamba ukiiwekea ngazi inafika mbinguni, mpaka mchungaji akamwita pembeni.

Sasa fundi Saulo alitoka chini ya gari, anajipangusa mikono.

"Mzee Kalinga, huku chini kukavu kama mahubiri ya Kwaresima."

"Basi inachemka, inapanda mvuke."

"Injini haijawashwa tangu juzi. Inachemkaje, kwa jua la Ilula hili lenye baridi?"

Saulo akafungua kifuniko cha rejeta, akainusa, akarudi nyuma. Ulikuwa mnuko wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, uliochacha, na chini yake mnuko mwingine wa udongo mbichi, uliochimbwa leo.

"Umeweka nini humu, wewe?"

Danieli akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Jumamosi shangazi yake Apolonia alimpa vibuyu viwili vya ulanzi avipeleke kwenye kaburi la babu kwa ajili ya matambiko. Katikati ya mlima gari likachemka, mto uko bondeni kabisa, nani ateremke? Akamimina ulanzi wote kwenye rejeta.

"Babu mwenyewe alikuwa mlevi," akasema. "Angeniambia mwanangu umefanya vizuri."

"Ulisema nini wakati unamimina?"

"Nilitania tu. Nilisema, kunywa mzee, unifikishe."

Saulo hakucheka. Pale kwao kinywaji cha marehemu hakimwagwi hivihivi. Unamtaja kwa jina unayemnywesha, ili asije mwingine.

"Mzee yupi, Danieli?" akanong'ona. "Ulimtaja?"

Siku iliyofuata mtungi wa ndani ulikuwa mkavu, ingawa mke wa Danieli, Tekla, alikuwa ameujaza jioni iliyotangulia kwa mikono yake. Kisha ng'ombe wa maziwa akakamuliwa, ikatoka hewa. Danieli akasema ni majani mabaya. Akasema hivyohivyo Alhamisi, mpaka Tekla alipokaa kitandani na mtoto wao Severina, wa wiki sita, akafungua kitenge akamtazama.

"Baba Severina, kifua changu kimekauka."

"Kunywa uji, mama, maziwa yatarudi."

"Nimekunywa uji wa kulisha kijiji. Hakuna kitu. Na wewe husikii? Sikiliza ukutani."

Danieli akaweka sikio. Upande wa pili wa ukuta, pale pikapu ilipoegeshwa, kitu kilikuwa kinakunywa: gudu, gudu, kinapumzika, gudu.

Alitoka nje jioni ile ukungu ukiwa umeshuka mzito mpaka hakuona miguu yake, akatembea kwa kupapasa bodi yenye kutu ambayo sasa ilikuwa ya uvuguvugu kama ubavu wa mnyama aliyelala, na kila alivyosogea ule mnuko wa udongo ukazidi, akakamata kifuniko, akakizungusha, akachungulia, na ndani ya rejeta akaona maziwa, meupe, ya moto bado, yamejaa mpaka shingoni, na akiwa anayatazama yakaanza kushuka, taratibu, na katikati yake kashimo kadogo, kama mtu aliyeko chini anayavuta kwa midomo.

Mtoto alilia ndani. Hakuwa na machozi.

Kulipokucha shangazi Apolonia, ambaye Saulo alikwenda kumwita usiku, alifika naye kwa miguu, na kibuyu chake. Hakujibu hata salamu ya Danieli ya kamwene. Alimwaga ulanzi mbele ya gari, akaita kwa sauti ya chini.

"Kalinga, baba. Kama ni wewe, toka kwa mtoto. Rudi kwako."

Kisha rejeta ikakoroma, na sauti ikatoka kavu kama majani ya mahindi.

"Mimi si Kalinga."

Saulo akashika mkono wa Danieli mpaka ukafa ganzi.

"Ni nani wewe?" shangazi akauliza.

"Nimesahau. Nilikuwa navunja mawe ya barabara, jabali likanilalia. Hawakunizika. Huyu kapita, kaniita mzee, kanipa kinywaji. Bado nina kiu."

Shangazi akageuka. "Huyu hana kaburi, tutamwambia arudi wapi? Hiyo rejeta uliyomnyweshea ndiyo nyumba yake. Ing'oeni tuizike."

"Shangazi, rejeta ya gari hili haipatikani tena, hata Mbeya hawana! Gari litakuwa banda la kuku. Ng'ombe saba, shangazi!"

Kilio cha Severina kikakatika katikati. Wakasubiri. Hakikuendelea.

Danieli alinyakua spana mkononi mwa Saulo. Bolti zilizokuwa zimeshikana na kutu tangu vita alizing'oa huku ngozi ya vidole inabaki kwenye chuma, na Saulo akachimba nyuma ya migomba kama panya, na ile rejeta, ambayo mtu mmoja huibeba kwapani, ilikuwa nzito kama maiti ya mtu mzima, wakaishusha wawili wakiyumba, shangazi akaifunika kwa kaniki yake, na udongo waliomwaga ukawa unainuka, unashuka, unainuka, unashuka.

"Mpe jina!" shangazi akasema. "Bila jina hatulii."

"Jina gani?"

"Lolote! Mtoto anakwisha!"

Na katika kichwa cha Danieli, kilichokuwa na maneno ya kujisifu ya kujaza maghala kumi, likabaki jina moja tu.

"Danieli!" akapiga kelele. "Anaitwa Danieli!"

Udongo ukatulia.

Upepo ukapita kwenye migomba. Halafu ndani ya nyumba mtoto akakohoa, akalia kwa nguvu, na Tekla akapaza sauti huku analia naye: "Yametoka! Ananyonya! Jamani, ananyonya!"

Shangazi Apolonia akaketi chini, akajifuta uso, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Danieli, umesikia?"

"Nimesikia, shangazi," akajibu Danieli.

"Nimesikia, shangazi," ikajibu sauti chini ya udongo.