Uzi Mwekundu kwenye Koti la Kinyozi

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine pale nyumbani aliyeiweza: kumtungia Bibi sindano. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha Bibi, akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akafumba jicho moja, na uzi ukapita kwenye tundu bila ubishi. Kisha alizichomeka sindano kwenye mto mdogo wa kitambaa, kila rangi mahali pake. Nyeupe zilikaa upande wa dirisha, nyeusi upande wa mlango, nyekundu katikati. Bibi hakuziona rangi tena, bali alijua upande.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani aliitwa Chiriku, kwa sababu akianza kusema, hata saa ya ukutani ilionekana kusubiri zamu yake.

Zamani Bibi alikuwa fundi wa nguo aliyegombaniwa na wateja. Magoti yalipogoma, cherehani alimpa Shangazi, ambaye naye ni fundi. Macho yalipoingia ukungu, akabaki na kasha lake la kushonea, na humo ndimo alimokuwa na raha yake: kifungo cha huyu, pindo la yule, soga na jirani dirishani. Babu, dereva mstaafu, masikio yake yalikuwa mazito na mikono ilimtetemeka, lakini kwa miwani aliweza kusoma gazeti. Yeye alimsomea Bibi habari, naye Bibi alimwambia mlangoni kuna hodi.

"Macho yangu na masikio yake," Babu alipenda kusema, "tukiyachanga tunapata mtu mmoja mzima."

"Na mdomo tunaazima kwa Chiriku," Bibi alimalizia, nao wakacheka kana kwamba utani ule ulikuwa mpya.

Asubuhi moja, rafiki yake Chiriku alikuja na kamba mpya ya kuruka, akasimama nje akimwita. Babu alikuwa ametoka mapema kwenda kliniki kupimwa presha. Chiriku aliharakisha kutunga sindano, na katika haraka ile kibiringo cha uzi mweupe kikamponyoka, kikabiringika hadi uvunguni. Alichungulia. Kulikuwa na giza na vumbi, naye sare yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Nje, rafiki yake aliita tena. Chiriku alichukua uzi mwekundu uliokuwa karibu, akazitunga sindano zilizobaki, akazichomeka upande wa dirisha. Alijiambia kwamba leo pengine Bibi hatashona chochote cheupe.

"Umezipanga kama kawaida?" Bibi aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Kama kawaida, Bibi," Chiriku alijibu, tayari yuko mlangoni.

Aliporudi jioni, alimkuta kinyozi wa mtaani amesimama sebuleni na koti lake jeupe la kazi mkononi. Asubuhi ile alikuwa amelileta lishonwe mfuko na kukazwa vifungo, akalichukua mchana likiwa limekunjwa, akalivaa mbiombio kwa kuwa wateja walikuwa foleni.

"Mama, leo umenikimbizia mteja," alisema kinyozi huku akicheka. "Nimeshika wembe, namwambia inamisha kichwa, yeye anatazama kifua changu chekundu. Akadhani ni damu ya mteja aliyemtangulia. Ametoka na shuka langu shingoni."

Babu alicheka mpaka akavua miwani. Bibi naye alicheka, akamwomba radhi kinyozi na kumwambia aliache koti lirekebishwe. Lakini kinyozi alipoondoka, kicheko cha Bibi kilikwenda naye. Alipitisha kidole juu ya mshono ule, polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Labda mtoto alichanganya sindano," Babu alisema.

"Nilimuuliza, akaniambia kazipanga kama kawaida," alijibu Bibi. "Chiriku hajawahi kunidanganya. Ni mimi niliyesahau upande. Macho nilishayazoea, mzee wangu, lakini sasa na akili imeanza kuniaga."

Chiriku alikuwa amesimama pale pale na begi mgongoni. Aliona aibu, akaogopa, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kuanzia siku ile Bibi hakushona tena. Sindano alikataa kutungiwa. Jirani alipokuja na gauni lake dirishani, Bibi alimwelekeza kwa Shangazi, na soga ikaisha kabla haijaanza. Alishinda kitini, mikono mapajani, vidole vikicheza peke yake. Babu alimsomea gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo, bila kujibiwa hata kwa utani mmoja. Shati lake lilikosa kifungo, naye akalivaa hivyo hivyo, asije akamkumbusha.

Chiriku naye alinyamaza. Alifagia bila kuagizwa, akamletea Bibi chai bila kuombwa, na kila Bibi aliposema "Asante, mjukuu wangu mwema," alitamani ardhi immeze.

"Nyumba hii ina nini?" Babu aliuliza. "Chiriku amekuwa bubu, na mimi ndiye kiziwi."

Jumamosi Shangazi alikuja kuchukua kasha la kushonea. Bibi ndiye aliyemwita. Alilifungua kwa mara ya mwisho, akampa mkasi, akampa vifungo, kisha akaushika ule mto mdogo.

"Nyeupe upande wa dirisha, nyeusi upande wa mlango," alimweleza Shangazi. "Ni rahisi, hata mtoto anaweza. Mimi ndiye niliyeshindwa."

"Bibi, hukusahau," Chiriku alisema. Sauti ilitoka ndogo, na machozi yakaifuata. "Ulishika upande sawasawa. Mimi ndiye niliyeweka nyekundu mahali pa nyeupe, kwa sababu nilikuwa nawahi kuruka kamba. Nikakudanganya."

Hakusubiri jibu. Aliingia chumbani, akatambaa uvunguni, akatoka na utando wa buibui kwenye nywele na kibiringo cha uzi mweupe mkononi, akamkabidhi Bibi. Bibi alikigeuzageuza kwa muda. Shangazi akaurudisha mkasi kashani taratibu.

"Keti hapa," Bibi alisema mwishowe. "Uzi si kitu. Tutaufumua kwa wembe, na koti litakuwa jeupe tena. Lakini uliniacha nikaamini kosa lako ni langu. Siku zote hizi nimejiona sifai. Mtu mzima anapoteza mengi, mjukuu wangu, na yanayobaki anayashikilia kwa kuwaamini walio karibu naye. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Na kwa kinyozi utakwenda mwenyewe, ukamweleze."

Mchana ule Chiriku alifumua mshono mwekundu, Bibi akashona mweupe, na Babu akavua shati lake akaliweka kwenye foleni. Chiriku alilipeleka koti kwa kinyozi, akaeleza yote mbele ya wateja, masikio yakiwaka kwa aibu. Kinyozi alimsamehe, ila akadai shuka lake bado halijarudi.

Jumatatu asubuhi Chiriku alitunga sindano taratibu. Safari hii alifunga vifundo mwishoni mwa nyuzi: kimoja kwa nyeupe, viwili kwa nyeusi, vitatu kwa nyekundu. Aliushika mkono wa Bibi akaupitisha juu ya vifundo hivyo.

"Vya nini?" Bibi aliuliza.

"Ili uhakikishe mwenyewe, Bibi. Usinitegemee mimi tu."

Bibi alivigusa kimoja kimoja, akatabasamu.

"Vizuri. Wiki hii nitavigusa," alisema. "Wiki ijayo nitakuuliza tu, kama kawaida."