Aliyeiba Matanga

Kilichoibwa kilikuwa gauni moja jeusi, kuukuu, lenye viraka makwapani. Basi.

Mwizi hakugusa cherehani. Hakugusa televisheni ya ukutani wala lile birika kubwa la umeme la chai, ambalo hapo Sydenham, mtaa wa Durban, lingepata mnunuzi kabla ya adhuhuri. Aliingia katika kituo cha wazee, akafungua kabati la ushonaji lililokuwa na kufuli, akaruka kila kitu chenye bei, akachukua gauni lile na kwenda zake.

Polisi walicheka mpaka wakafuta machozi.

"Kapteni, jalada la gauni?" aliuliza Konstebo Zondi. "Tubebe na mbwa wa kunusa?"

Kapteni Nasibu wa kitengo cha upelelezi alikuwa ameshachukua funguo za gari.

"Mama yangu alikula chakula chake cha mwisho cha Idi mikononi mwa wale wazee," alisema. "Hakuwa wa kabila lao, wala wa dini yao. Walimlisha kwa kijiko, mimi niko kazini. Wakiniita kwa sindano iliyopotea, naenda. Beba vifaa vya alama za vidole, twende."

Zondi akabeba.

Kituo kilikuwa katika shughuli zake. Sherehe ya Siku ya Urithi ilikuwa kesho yake, na wazee wa Kongo na Burundi hawana mchezo na sherehe. Krismasi wanaimba, Pasaka wanaimba, kipindi cha baridi wanapika supu na kuimba. Siku hiyo akina mama walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na wazee wawili walikuwa juu ya meza, kwenye umri huo, wakitundika karatasi za rangi na kugombana ipi ianze. Kila mtu alimwita Nasibu "Inspekta". Alishachoka kuwaeleza kwamba cheo chake ni kapteni. Walikotoka, polisi asiye na sare anayeuliza maswali ni inspekta tu, na mjadala umefungwa.

Mwenye gauni alikaa pembeni, chini, kwenye mkeka. Alikuwa Mama Marie-Louise, Mkongomani wa Uvira, amejifunga shuka nyeusi. Nasibu akavua viatu, akakaa naye mkekani. Kiswahili alikipata kwa bibi yake, kule Chatsworth, na kilimtosha kwa kazi hii.

"Gauni ni lako, mama?"

"Ni robe ya matanga ya bwana yangu, Ruphin. Niliiacha ku kabati, washone makwapa."

"Alifariki lini?"

"Sasa iko miaka saba."

"Miaka saba? Na bado uko kwenye matanga?"

"Nani alinitosha?" aliuliza mama yule.

Kutosha, kwa Kiswahili cha kwao, ni kuondoa. Akamweleza taratibu.

"Kwetu mujane hajivui yeye mwenyewe, Papa Inspekta. Ndugu ya bwana ndiye anakuja. Anamutosha ile nguo, anamuvalisha ingine ya rangi, matanga inaisha. Mimi shemeji zangu walikwisha. Mumoja alikufa. Mwingine, tangu vita, hatujui kama iko ama haiko."

"Kwa hiyo ukabaki."

"Nikabaki. Sichezi, siimbi, nakaa ku mukeka. Nilizoea. Lakini mujukuu yangu Cathy anaolewa mwezi kesho. Mimi ndiye nilimulea tangu mama yake afe. Na mwenye matanga hawezi kushika mukono ya bibi-arusi kumupeleka kanisani. Atamuletea mukosi. Siku ya Jumatatu nilimuambia hapa hapa, atafute mama mwingine wa kumushika." Akajifuta uso kwa pindo la shuka. "Mutoto alilia, alilia! Sasa robe nayo haiko. Hata shemeji akishuka leo kutoka mbinguni, atanitosha nini? Unitafutie robe yangu, papa. Bila ile, nitakufa na matanga."

Nasibu alisimama akiwa hana hamu tena ya utani wa kituoni kwao.

Kabati lilikuwa la mbao, la milango miwili. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Zondi alinyunyiza poda, akapiga brashi, akatikisa kichwa.

"Alama ziko, Kapteni. Ziko nyingi mno. Kila mzee wa Durban amelishika hili kabati."

Nasibu alipiga magoti akakagua bawaba. Kuzunguka skrubu rangi ilikuwa imebanduka upya. Mwizi hakuwa na ufunguo, basi alifungua bawaba, akautoa mlango mzima, akachukua gauni. Kisha akaurudisha mlango, akakaza skrubu zote na kufagia vumbi la mbao. Na jambo moja zaidi lilimkwama Nasibu machoni: mfereji wa kila skrubu ulisimama wima, wote, hakuna hata mmoja ulioinama.

"Mwizi gani anarudisha skrubu?" alinong'ona.

"Mwizi mwenye malezi," alisema Zondi.

Walimwita Mama Gloriose, mwenyekiti wa kituo, Mrundi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi peke yangu."

"Nimeambiwa Jumatatu ulisema mbele za watu kwamba hutaki nguo nyeusi kwenye sherehe. Kweli?"

"Nilisema, na narudia! Kwetu Burundi mwaka ukipita tunaganduka. Watu wanakuja, wanakunywa, wanasema maneno mazuri, matanga yameisha. Huyu dada yangu anakaa chini miaka saba, anaangalia wenzake wakicheza. Inaniuma, Inspekta!"

"Ikakuuma mpaka ukaiba?"

"Eish! Mimi?" Mama Gloriose alijishika kiuno. "Mwenye ufunguo anafungua skrubu za nini? Na haya magoti yangu, nikishuka hapo chini, mtaniinua na winchi."

"Nani alikuambia habari za skrubu?"

"Macho yangu. Umepiga magoti hapo kama uko kwenye swala, unazipapasa. Mimi si kipofu."

Zondi alikohoa kuficha kicheko. Nasibu aliandika, akafunga kalamu. Mama huyu alisema kweli: mwenye ufunguo hana haja ya bisibisi.

"Mmemaliza kunitukana?" aliuliza Mama Gloriose. "Kaeni sasa mnywe chai."

Nasibu alikaa kwenye kiti kimoja cha mikono, karibu na dirisha. Alikijua. Mama yake alikuwa akikaa hicho hicho, na wakati huo mkono mmoja ulikuwa umelegea. Sasa ulikuwa imara. Akaupapasa chini. Skrubu mbili, mifereji imesimama wima.

Akaweka kikombe. Akaenda kwenye mlango wa jikoni, akainama. Wima. Akageuza meza ndogo ya karata, wazee wakapiga kelele kwamba amewavurugia mchezo. Wima zote.

"Mama Gloriose, nani anatengeneza vitu hapa?"

"Papa Méthode. Kila kitu ni yeye. Mungu ambariki, hatujawahi kuita fundi."

"Yuko wapi leo?"

"Anasema ana mafua. Hajaja tangu juzi." Halafu mama yule mwenye sauti kubwa akaongea polepole. "Ajabu. Yule hata akiwa na homa anakuja."

Papa Méthode alikaa chumba kimoja, mtaa wa pili. Alifungua mlango akiwa amevaa shati safi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mafua hayakuwepo.

"Papa Méthode, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Fundi wa mashine. Kiwanda cha rangi, mtaa wa Jacobs. Sasa nimestaafu."

"Nani alikufundisha kusimamisha skrubu wima?"

"Ni kazi ya kiwandani. Ukizisimamisha zote, ikilegea moja unaiona kwa macho, imeinama."

"Za kabati la ushonaji zimesimama wima."

Mzee aliangalia mikono yake, akaigeuza.

"Ni mazoea," alisema. "Mikono ilijifanyia yenyewe."

"Gauni liko wapi?"

Méthode alivuta sanduku chini ya kitanda. Gauni lilikuwa ndani, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa. Juu yake palikuwa na kitenge kipya, cha bluu na manjano, karatasi ya dukani ingali imebandikwa.

"Kwa nini, papa?"

"Nitasema mbele yake. Hapa sisemi."

"Sitakudanganya," alisema Nasibu. "Umevunja, umechukua. Mama akitaka ushtakiwe, nitakufikisha mahakamani mimi mwenyewe."

"Ni haki yake," alijibu mzee. Akabeba sanduku.

Zondi alikuwa ameshatoa pingu. Nasibu alimtazama, naye Zondi akazirudisha mkandani.

Walipoingia kituo cha wazee, kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Watu waliona sanduku, wakamwona Méthode katikati ya polisi wawili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu mmoja alisema "Yesu!" Mzee alilifungua sanduku, akaliweka mbele ya Mama Marie-Louise, akabaki amesimama.

"Ongea," alisema Nasibu.

"Mama, mimi nilifika Durban kipindi cha baridi. Sikuwa na mtu. Nililala nje, karibu na stesheni. Ruphin alinipita asubuhi akienda kazini, kisha akarudi nyuma. Hakuniuliza kabila. Hakuniuliza nchi. Alinichukua mpaka kwenu, na wewe ukanichemshia maji nikaoga. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulimaliza sabuni yangu."

Wengine walicheka kidogo, wakajizuia.

"Kule Jacobs, foreman alimuuliza, huyu ni nani? Ruphin akasema, ni mdogo wangu, mama mmoja, baba mmoja. Uongo mtupu! Mimi mtu wa Ngozi, kule Burundi, yeye mtu wa Uvira, hata pua hatufanani. Lakini nikapata kazi. Watoto wangu wamesoma kwa neno lile. Kule kwetu nyumba nimejenga kwa neno lile. Mpaka anakufa aliniita mdogo wangu, na mimi sijawahi kumwambia asante inayotosha." Akaelekeza kidole dirishani. "Jumatatu nilikuwa nakaza kiti pale. Nikakusikia unamwambia Cathy atafute mama mwingine, kwa sababu shemeji huna. Nikasema moyoni, shemeji yako yuko hapa, amekaa na bisibisi mkononi, ananyamaza."

"Kwa nini hukusema wazi?" aliuliza Nasibu.

"Niseme nini, Inspekta? Mimi mzee, mke wangu alishafariki, nisimame mbele ya watu niseme nataka kumvua mjane nguo? Na kwao anayetosha matanga anaweza kumrithi mjane! Hawa wangenicheka mpaka Krismasi."

"Tungekucheka mpaka Pasaka," alisema Mama Gloriose, huku akijipangusa machozi.

"Nikaona bora nguo ipotee tu, labda matanga yatakwenda nayo. Nikaipeleka mtoni, Umgeni, niitupe, niseme, kaka Ruphin, nimemtosha. Nikasimama pale. Mkono ukakataa. Nikajiuliza, mimi ni nani hasa? Si damu yake. Nikarudi nayo nyumbani, nikaifua."

"Na kitenge?"

"Anayetosha lazima avalishe."

Nasibu alimgeukia mama aliyekaa mkekani.

"Mama, amekiri. Wewe ndiye mlalamikaji. Sema, nifanye nini naye?"

Mama Marie-Louise alilichukua gauni jeusi, akainuka kwa shida, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Méthode aliinamisha kichwa. Hakuna aliyesogea, hata waliokuwa juu ya meza.

Aliporudi alikuwa amelivaa. Alikuja akasimama mbele ya mzee, karibu kabisa.

"Méthode, nani alikudanganya kama matanga inatoshwa ku kabati? Inatoshwa ku mwili ya mutu."

"Nisamehe, mama."

"Mama ni nani? Ruphin alisema wewe ni nani?"

"Mdogo wake."

"Bwana yangu alikuwa muongo?"

"Hapana! Hakuwa muongo."

"Basi mimi ni nani yako?"

Mzee aliinua kichwa, akamtazama.

"Shemeji yangu."

"Aya, shemeji. Fanya kazi ya kaka yako. Nimechoka na nyeusi."

Akina mama walimzunguka, wakainua vitenge vyao vikawa ukuta. Méthode alifungua kitambaa cheusi kichwani mwake, kisha kifungo cha kwanza cha gauni, shingoni, akarudi nyuma na kugeuka. Yaliyobaki waliyamaliza wanawake. Gauni lilipoanguka, Mama Gloriose alimpa mzee kitenge, naye akakipitisha juu ya ukuta ule wa nguo, macho ameyafumba, mpaka kikatua mabegani mwa shemeji yake.

"Kaka Ruphin," alisema, "nimemtosha. Na asante. Asante kwa siku ile."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mama Marie-Louise alitoka akiwa wa bluu na manjano. Alimshika Méthode mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kisha akalia tu. Zondi naye, aliyekuja na utani wa mbwa, alikuwa akitazama dari.

"Kapteni," alinong'ona, "kwenye jalada niandike nini?"

"Andika mali imepatikana, mlalamikaji ameridhika."

"Na mshukiwa?"

"Mshukiwa gani? Shemeji alikuja kufanya kazi ya nyumbani kwake."

Nasibu alimshukuru Mungu kwa watu hawa, kwa mama yake na kwa kila aliyeketi pale. Mtu alikuwa ameshamletea Mama Marie-Louise simu. Aliikamata kwa mikono miwili na kuongea kwa nguvu, maana ngoma zilikuwa zimeanza.

"Cathy? Acha kulia, mutoto, sikiliza. Ule mama ulimupata, umuambie aksanti, akae na wageni. Mukono yako nitashika mimi."