Bomba Lililonyamaza

Kila asubuhi Mama Sindano hufungua cherehani yake chini ya barabara ya juu. Magari hunguruma juu, yeye hushona kivulini.

Zamani, mvua ikinyesha, bomba la barabara lilimwaga maji karibu na meza yake. Matope yalirukia nguo za wateja. Mumewe ni mpaka rangi. Watu humwita Bwana Dawa, maana hakuna tatizo asilo na dawa yake. Siku moja alipanda ngazi, akashindilia mabaki ya vitambaa ndani ya bomba.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema akijipongeza.

"Lakini hilo ni tundu, siyo ufa," alijibu mkewe.

Maji yakanyamaza. Baada ya miaka miwili, madoa ya kutu yalitokea kwenye zege. Bwana Dawa akayapaka rangi nyeupe. Pakapendeza kweli!

Asubuhi moja Mama Sindano aliinuka kumpima mteja kiuno. Puu! Pande la zege liliangukia kiti chake na kukivunjavunja.

"Ee Mungu, asante!" alisema akitazama vipande vya kiti.

"Tukisema, watatufukuza hapa," alinong'ona Bwana Dawa.

"Tukinyamaza, litaua mtu. Twende."

Walikwenda ofisi ya barabara siku hiyohiyo. Mafundi walikuja, wakapazungushia uzio. Mkuu wao alikuwa mwanamke, wenzake wakimwita Dada Nyundo. Aligonga zege huku na huku.

"Sikia, shemeji. Hapa ni zima. Hapa linalia kama debe tupu. Ndani limeachana."

"Mbona nilipaka rangi?" aliuliza Bwana Dawa.

"Rangi ni nguo tu. Ugonjwa uko ndani. Maji yakikosa njia, hupenya hadi kwenye nondo. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka."

Kisha akachokoa bomba. Likatoka bonge la vitambaa vya buluu. Mama Sindano alivitambua mara moja. Ni mabaki ya sare alizoshona mwenyewe.

"Baba, dawa yako hiyo!"

Bwana Dawa aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyeziba. Nisamehe, mke wangu."

Mafundi walibomoa zege bovu mpaka nyuma ya nondo. Walisugua kutu hadi chuma kikang'aa, wakakipaka dawa ya kuzuia kutu. Wakajaza zege jipya, wakalinywesha maji siku kadhaa lisikauke haraka. Bomba wakalirefusha hadi mtaroni. Wiki tatu hizo Mama Sindano alishonea ng'ambo ya barabara. Kwa shukrani, aliwatilia viraka suruali zao zote zilizochanika magotini.

"Ahsanteni, wanangu. Mmenirudishia kivuli changu," aliwaambia.

Siku aliporudi, Bwana Dawa alimletea kiti kipya. Alasiri mvua ikanyesha. Bomba likabubujika kwa kishindo.

"Lo, maji haya yana kelele!" alilalamika mteja.

Mama Sindano alicheka, akatazama juu.

"Yaache yapige kelele. Yaliponyamaza, nusura yaniue."