Damu ya Gérard

"Tai, kuku amevuka muto. Mushike muzima. Chupa makumi mbili zimeshaondoka, hatujue wapi."

Redio ya Motorola ikanyamaza.

Zainabu, jasusi wa serikali, ndiye Tai. Aliongeza mwendo kwenye pikipiki yake ya TVS. Mbele, katikati ya mtaa wa Kasuku, Gérard, yule kuku, alikata kona na pikipiki, boksi la barafu limefungwa nyuma. Ndani, plazma, maji ya damu. Angalau ndivyo alivyowaambia wanunuzi.

Mzima! Laiti wangejua wanamwomba nini.

Mwaka 2002, vita vilipofunga njia zote, mama yake Zainabu alijifungua na damu ikakataa kukoma. Daktari alieleza: imeishiwa fibrinojeni, protini inayofuma nyuzi za kuziba jeraha, plazma ingeirudisha. Wakatundika chupa tatu alizouza Gérard. Mama akafa kabla ya adhuhuri. Chuki ya siku hiyo Zainabu ameilea kama mwana, wala haoni haya.

Alichomoa Glock.

Risasi moja. Tairi.

Gérard alibingirika, kioo cha taa kikamchana paja.

Katika zahanati ya jirani, nesi Falone alimfunga kitambaa, kisha akamimina chupa moja kwenye sufuria juu ya mbabula, makaa yakiwaka. Plazma ya kweli ina protini tele. Ukiichemsha inaganda kama ute wa yai.

"Mukubwa, inachemuka tu, haigande," alisema Falone. "Ni maji ya chumvi na manjano ya jikoni."

Zainabu alimwinamia Gérard. "Zile makumi mbili ziko wapi?"

"Sijue."

"Falone, damu inamutoka. Mutundikie chupa yake moja."

Sindano ilipogusa mkono, Gérard alipiga kelele. "Apana, mama! Hiyo itaniua! Ziko Kalima, ku maternité, kwenye wanazalisha, karibu na soko! Kuko mwanamuke wanapasua leo saa nane!"

Saa saba na nusu. Zainabu alinyakua Motorola.

"Kalima, musitundike ile plazma! Tumieni ya kweli!"

Mkwaruzo.

"Tumeitoa ile ya uongo, Tai. Mama iko muzima."

Zainabu alirudisha Motorola kiunoni.

"Na miye?" Gérard alilia. "Nitakufa?"

Zainabu alitazama kitambaa. Doa lilikuwa limeacha kupanuka. Fibrinojeni ya muuaji ilikuwa inafuma nyuzi zake vizuri kabisa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Hapana. Utaishi, utajibu mbele ya jaji."

Akavaa miwani yake ya jua, akatoka, akawasha pikipiki.