Kadi ya Mama Sindano

Kila alipotoka shule, Kichwangumu alivua sare, akala haraka haraka, kisha akakaa kwenye benchi la mama yake. Kazi yake ilikuwa kusugua vyuma vya cherehani kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye mafuta ya taa. Jina la Kichwangumu alipewa na mjomba wake, kwa sababu akishasema hapana, hata umpe pipi ni hapana.

Mama yake alitengeneza cherehani. Kushona hakukujua wala hakukupenda. Yeye alizifungua mashine zilizokwama, akazirudisha kwa wenyewe zikiwa nzima. Mtaani walimwita Mama Sindano. Hata hivyo, haikupita wiki bila mteja mgeni kuchungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Umeshamwona," Mama alijibu bila kuinua kichwa.

Siku moja zilifika habari kwamba umoja wa washonaji wa sokoni unatafuta fundi mmoja wa kuhudumia cherehani zao zote. Mwenyekiti wao alitaka kila fundi apeleke kadi yake ya biashara, naye angechagua Jumamosi. Mama hakuwa na kadi.

"Tukiikosa kazi hii nafunga," Mama alisema. "Wateja wa mmoja mmoja hawatoshi kukishikilia chumba hiki. Itabidi nikafanye kazi kwa mjomba wako."

Mjomba alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala. Alikuwa ameshatamka wazi: dada yake akija kutengenezea cherehani pale dukani, kazi atafanya dada, lakini jina la biashara litakuwa la kaka. Kichwangumu alikasirika aliposikia hivyo.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Mjomba kuomba Mama achapiwe kadi. Mjomba alishazisikia habari za sokoni na alikuwa amekwisha kuchora kadi kwenye kompyuta, na uso ulimng'aa kwa furaha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Njoo uone kitu!"

Kadi ilikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu na picha ya jengo la ghorofa. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa, iliandikwa: cherehani, feni, pasi, redio, pampu za maji, huduma ya kimataifa. Juu kabisa lilikaa jina la Mjomba, Mkurugenzi, na namba yake ya simu.

"Mama yuko wapi hapa?" Kichwangumu aliuliza.

"Si yumo ndani ya huduma?"

"Mama hatengenezi feni, Mjomba. Na hilo ghorofa ni la nani?"

"La mapambo. Biashara ni kuvutia watu, mtoto. Nani atampa mwanamke mashine zote zile?"

"Samahani, Mjomba, lakini sikubali."

"Hukubali wewe kama nani?" Mjomba alicheka. "Mimi sichapi kadi ya kutia aibu kwenye mashine yangu. Ni hiyo au hakuna."

"Basi hakuna," Kichwangumu alisema, akatoka. Hakugeuka nyuma.

Alinunua karatasi za manila, akazikata kwa rula ziwe vipande vya kuenea kiganjani. Akaandika kwa kalamu nene: MAMA SINDANO. CHEREHANI ZOTE ZINAPONA SIKU HIYO HIYO. Akampelekea Mama kimoja, kifua mbele, akamsimulia na ya Mjomba.

Mama alifuta mikono, akasoma. Kisha akaonyesha kwa kidole mashine iliyofunikwa kitambaa pembeni. "Ile imekaa hapa tangu lini?"

"Ile inasubiri kipuri."

"Kwa hiyo siku hiyo hiyo ni ipi?"

"Lakini Mama, kila mtu anaandika hivyo!"

"Si ndivyo mjomba wako alivyojitetea?"

Aibu ilimpanda Kichwangumu hadi masikioni, maana alikuwa amemkasirikia mtu mzima kwa uongo, naye akaenda kuandika wa kwake. Alikichana kile kipande.

"Basi niambie ukweli," alisema hatimaye. "Mafundi wengine hawafanyi nini ambacho wewe unafanya?"

Mama alifikiri. "Mimi nikishatengeneza, narudi kuikagua mashine na kuitia mafuta. Washonaji husahau. Na wakikumbuka, humimina mafuta ya kupikia! Yakiganda humo ndani, mashine inashika kama imetiwa gundi. Nusu ya kazi yangu ni kukwangua hayo mafuta."

Kichwangumu aliruka kutoka kwenye benchi. Usiku ule na siku zilizofuata aliandika kadi kwa mkono, moja kwa kila mshonaji, mpaka kidole kikaota sugu. Mbele kwa herufi kubwa: MAMA SINDANO, FUNDI WA CHEREHANI TU. NAKUFUATA ULIPO. Chini, namba ya simu na maelezo ya mlango wao. Nyuma, kana kwamba cherehani yenyewe inasema, aliandika: USINITIE MAFUTA YA KUPIKIA. MAMA SINDANO ATARUDI KUNIKAGUA TAREHE… Hapo aliacha nafasi ya kujaza. Alimpa Mama kadi aisome bila miwani yake. Mama aliposoma bila kukunja uso, akajua herufi zinatosha.

Jumamosi walikwenda sokoni, kwenye ukumbi wa washonaji. Mezani kwa Mwenyekiti kulikuwa na safu ya kadi za kung'aa, na Kichwangumu aliitambua ile ya ghorofa. Mjomba aliipeleka bila kuwaambia! Mwenyewe alikuwa amesimama ukutani, amefunga tai.

"Hii ya mkono ni yako?" Mwenyekiti alimuuliza Mama.

"Ni yangu. Ameiandika binti yangu."

Mwenyekiti akaigeuza. Alisoma ule upande wa nyuma kwa sauti, na mshonaji mmoja akaisukuma chupa yake ya mafuta chini ya meza kwa mguu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kisha Mwenyekiti akainua kadi ya ghorofa. "Huyu nilimpigia simu jana. Nikamuuliza kwa nini uzi wangu unakatikakatika. Akaniambia, subiri kwanza nimuulize dada yangu." Akamtazama Mjomba. "Dada yako ni nani?"

Mjomba alilegeza tai. "Ndiye huyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi nitampigia yeye moja kwa moja." Mwenyekiti akafungua droo ya cherehani yake, akaibandika humo kadi ya Mama. "Mama Sindano, kazi ni yako. Anza na hii."

Njiani Mjomba aliwafuata. "Dada, nisamehe. Nilifikiri nakusaidia. Leteni, nitawachapia hizo kadi."

"Neno kwa neno?" Kichwangumu aliuliza.

"Neno kwa neno."

"Na bila ghorofa?"

"Bila ghorofa, Kichwangumu!"

Mama alimshika binti yake begani. "Ukaidi wako umetusaidia leo, lakini usisahau kwamba ulianza kwa kuandika uongo, na ungeupeleka kama nisingekuuliza. Kadi huongea na mteja wakati wewe hupo. Ikimwahidi usichoweza, atakuja kukudai, na utakosa pa kuuficha uso wako. Andika kazi unayoiweza, herufi zisomeke, na jina liwe la anayeifanya."

"Ndiyo, Mama," alisema Kichwangumu, na safari hii hakubisha.