Nyama Iliyotafunwa

Mteja aliyeirudisha ile sufuria aliiweka juu ya meza ya duka kule soko la Kikuubo, akafuta mikono kwenye sketi yake mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyeshika konokono, akaanza kuondoka.

"Dada, hutaki tukubadilishie?" Dolphine, aliyeajiriwa pale dukani, alimwita.

Yule mwanamke hakugeuka.

Ilikuwa sufuria ya presha ya plastiki, ile ya kupikia ndani ya maikrowevu, nyeupe kama maziwa, kifuniko chake kina mpira mnene wa kuzuia mvuke. Haikuwa na ufa wala doa. Mwenye duka aliigeuzageuza, akamwambia Dolphine, "Kaijaribu nyumbani. Ikipika vizuri, ichukue."

Dolphine alifurahi kweli. Yeye na mumewe Cleopas walitoka Bungoma, Kenya, na sasa, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamepanga vyumba viwili mtaa wa Kyebando. Mwezi huo walikuwa na mgeni, mama yake Cleopas, mzee Nabalayo, aliyekuja kutibiwa fizi. Daktari alimng'oa meno manne yaliyobaki, na tangu hapo aliishi kwa uji na chai. Kila nyama ilipowekwa mezani, mama huyo aliangalia midomo ya wenzake ikitafuna, halafu akageuza uso ukutani. Jambo hilo lilimuuma Dolphine kuliko alivyoweza kusema.

Jumamosi mchana alikata nyama ya ng'ombe vipande vikubwa, akatia kitunguu, nyanya na kikombe cha maji. Akafunga kifuniko mpaka kikalia, akaiweka ndani ya maikrowevu na kubonyeza dakika ishirini.

Dakika za kwanza hakukuwa na harufu ya mchuzi. Kisha harufu ikaja, lakini haikuwa ya nyama. Ilikuwa ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyeamka baada ya kulala na njaa. Dolphine alinusa kwapa zake, akanusa sinki, akafungua dirisha. Ndipo alipoisikia sauti chini ya mngurumo wa mashine, sauti ya majimaji, ya polepole, ya mtu anayekula mdomo wazi. Nyach. Nyach. Nyach. Mashine ilipozimika, sauti iliendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

Alisubiri mvuke uishe, akafungua.

Nyama haikuwa vipande tena. Ilikuwa matonge madogo madogo, kila moja kiasi cha kujaza shavu, nyuzi zake zimesagwa na kusokotwa, na pembeni zina alama za meno. Alipoinua kifuniko, ute mweupe ulivutika kutoka kwenye nyama, ukawa mrefu, ukawa mwembamba, ukakatika na kumwangukia kwenye kidole gumba. Ulikuwa vuguvugu, si moto. Dolphine alikimbilia nje kutapika.

Aliporudi ili aimwage, mama mkwe alikuwa ameshaingia jikoni. Mkono wake ulikuwa ndani ya sufuria, mashavu yamejaa.

"Mwanangu," Nabalayo alisema, machozi yakimtoka, "mimi nilijua nitakufa bila kuonja nyama tena."

"Mama, ngoja, hiyo..."

"Hiyo nini?"

Dolphine alimtazama mzee wa watu akilamba vidole. Angeweza kusema. Akamsogezea sufuria.

Ikawa hivyo kila siku. Dolphine alipika huku amejifunga kitambaa puani, akamwekea mama sahani bila kuitazama. Mzee akanenepa, ngozi ikang'aa, lakini uji akawa hautaki, hata ndizi ya kupondwa akaitema. Mashine ilipowashwa alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akafungua mdomo wake mtupu kama kinda la ndege, akangoja.

Cleopas hakujua kitu mpaka Jumapili moja walipotoka kanisani. Aliona sahani ya mama yake, akachota tonge moja kwa utani. Akatafuna. Kitu kigumu kikalia katikati ya magego yake. Akakitema kiganjani. Lilikuwa jino, gego la manjano lenye tundu jeusi, na ndani ya tundu kulikuwa na uzi wa nyama ya zamani, umeoza, unanuka.

"Hili jino la nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Dolphine akamweleza yote. Cleopas alitapika mpaka akatoa maji ya kijani. Kisha akabeba ile sufuria kwa fimbo, akaitumbukiza kwenye choo cha shimo.

Haikusaidia. Jioni hiyo Dolphine aliweka maharage kwenye jiko la makaa, katika sufuria yake ya kawaida, na kabla hayajaiva akasikia ile sauti, safari hii si ndani ya chombo bali juu ya dari, kisha nyuma ya kabati, kisha chini ya kiti alichokalia Cleopas, ikitafuna, ikinyonya mate, ikitafuna tena, na ile harufu ya kinywa ikajaa vyumba vyote viwili hadi kwenye mashuka na kwenye nguo za kanisani na kwenye maji ya kunywa, na alipofunua maharage akayakuta yameshakuwa ujiuji wenye povu, na juu ya povu kuna ute, na ute ule ulikuwa bado unadondoka kutoka hewani, ambako hakukuwa na mtu.

Asubuhi jirani yao Aol, mke wa askari polisi, alisimama mlangoni, mkono puani.

"Dada, hii si takataka," alinong'ona. "Hii ni jini. Kule Naguru kambini iko mzee, Mzee Kamis. Yeye anajua hii vitu."

"Sisi ni watu wa kanisa," Cleopas alisema.

"Na jini yako inajua hiyo?"

Mzee Kamis alifika saa nane mchana. Alikuwa Mnubi mrefu, askari mstaafu, kofia yake nyeupe imepigwa pasi. Hakuuliza habari za sufuria. Alikwenda moja kwa moja alikokaa Nabalayo, akachuchumaa, akasoma aya kwa sauti ya chini, muda mrefu, mpaka mama akaanza kutetemeka.

"Wewe iko nani?" Kamis aliuliza.

Sauti iliyotoka kinywani mwa Nabalayo ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. "Mimi namlisha. Nyinyi mlikula mbele yake. Mlitafuna, mkameza, yeye anaangalia. Nani alimtafunia?"

Dolphine akainamisha uso.

"Kazi yako imekwisha," Kamis alisema. "Toka, wacha mama ya watu."

Alimmiminia maji kichwani, akampiga mgongoni kwa kiganja. Nabalayo akainama juu ya beseni, shingo ikavimba, na kitu kikaanza kutoka kinywani mwake, kamba nene ya nyama iliyotafunwa, ya kijivu, inayoteleza, ikatoka na kutoka, ikajikunja ndani ya beseni kama utumbo, na katikati yake meno yakigonga bati, tik, tik, tik. Aol alikimbia nje. Cleopas alimshika mama yake mabega, amefumba macho.

Kamis alilizika beseni lote nyuma ya nyumba. Harufu ikaondoka siku hiyo hiyo. Sauti haikurudi tena.

Lakini Nabalayo hakula. Siku ya kwanza walimwacha apumzike. Siku ya pili alitema uji, akatema supu, akatema maziwa. Siku ya nne daktari alimtundikia dripu, akasema mtu mzima hawezi kuishi kwa dripu. Siku ya sita mifupa ya uso ilikuwa imechomoza, na Cleopas alikaa uani, kichwa magotini, akilia kama mtoto.

Dolphine alifunga mlango wa chumba. Alikuwa na kipande cha nyama ya kuchemsha. Alikitia mdomoni mwake, akatafuna. Tapishi lilimpanda kooni, akalimeza, akaendelea kutafuna mpaka nyama ikawa laini, imelowa mate, haina umbo. Akaitema kiganjani, akaisogeza kwenye midomo ya mama mkwe.

Midomo ikafunguka. Mzee akameza.

Macho yake yakageuka taratibu yakamtazama Dolphine, na kwa mara ya kwanza baada ya siku sita akasema kitu.

"Wewe unatafuna vizuri kuliko yule."

Akafungua mdomo tena.